Majani meupe, anga nyeusi: infraredi kwa kamera ya plastiki

Holga ni sanduku la plastiki lililoanza kutengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lenzi yake ni plastiki, na shata ina kasi moja tu, takriban 1/100 ya sekunde. Hutumia filamu ya 120 na kutoa picha 12 za mraba. Wapigapicha wengi huiona kama mchezo wa watoto, lakini kwa infraredi inazishinda kamera nyingi za bei mbaya katika jambo moja.

Jambo lenyewe ni filta. Infraredi ni mwanga ulio nje ya wekundu wa mwisho tunaouona, na ili filamu ipate huo peke yake, lenzi hufunikwa kwa filta kama Hoya R72, inayozuia karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 720. Kwa macho yetu filta hiyo ni nyeusi tii. Ukiwa na kamera ya kutazamia kupitia lenzi, lazima uivue, upange picha, kisha uirudishe. Tundu la kutazamia la Holga liko kando ya lenzi, kwa hiyo unaona kila kitu filta ikiwa mahali pake. Kwa kuwa lenzi haina hesi za kuikaza, ishikize kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme.

Jani la mwembe hunyonya mwanga mwekundu, lakini infraredi hainyonywi na klorofili: hugongagonga ndani ya tishu za jani na kutoka tena. Ndiyo maana kwenye picha mti huonekana mweupe kama chokaa, huku anga la buluu likiiva kuwa jeusi. Robert W. Wood, mwanafizikia wa Marekani, alitoa picha za namna hii mwaka 1910.

Kwenye filamu usikosee. Ilford SFX 200 inaona hadi nanomita 740 hivi. Ukiiwekea R72 unaiachia ufa mwembamba wa mwanga. Rollei Infrared 400 inafika karibu 820, na ndiyo ninayoipendekeza. Ina tabia mbaya moja: utando wake ni wa plastiki angavu unaopitisha mwanga kutoka pembeni hadi ndani ya rola, hivyo ipakie kivulini, au bora gizani.

Mwili wa plastiki nao huvujisha mwanga. Ziba maungio ya mgongo kwa tepu ileile, na dirisha jekundu la kusomea namba lifunue sekunde chache tu unapozungusha filamu.

Filta hula mwanga mwingi mno. Kasi ya 1/100 haitoshi. Weka swichi kwenye B, ambapo shata hubaki wazi muda wote unaobonyeza, kamera iwe juu ya stendi, na kwenye jua kali piga nusu sekunde, moja, kisha mbili. Holga za zamani zaidi hazina B, kwa hiyo tafuta toleo la 120N. Infraredi hukusanyika nyuma kidogo ya mwanga wa kawaida, basi kwa mandhari ya mbali rudisha pete ya umbali kwenye lenzi kutoka alama ya mlima kuelekea ile ya kundi la watu. Usihangaike na vipimo. Lenzi hiyo haina ukali wa kukuumbua.

Filta nyekundu ya kawaida ni rahisi zaidi kwa bei, lakini majani hayatageuka meupe kwa kiwango hicho. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja baada ya filamu, nunua R72.