Kutangulia Mwambani: Maneno Machache Yanayobeba Uhai

Makala hii inaeleza kazi ya mtangulizi katika mchezo wa kupanda miamba kwa kamba, na kwa nini kazi hiyo ni somo zuri kwa mwalimu na mwanafunzi wa lugha.

Kampala ni mji wa vilima, lakini anayetaka genge la kupandia aghalabu husafiri mbali. Mahali panapojulikana ni Sipi, wilayani Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321. Hapo pana maporomoko matatu ya maji, na kubwa kuliko yote lina urefu wa mita 100 hivi. Baadhi ya magenge ya eneo hilo yametobolewa na kutiwa bolti za chuma kwa ajili ya wapandaji.

Wapandaji huwa wawili. Mtangulizi hujifunga ncha ya kamba kwenye mkanda wa kiunoni na mapajani kwa fundo la nane. Mshika kamba hubaki chini, na kamba hupita katika kifaa cha breki kilichofungwa kwenye mkanda wake. Mtangulizi anapoanza, juu yake hakuna kamba. Akifikia bolti, hutumia karabina mbili zilizounganishwa kwa utepe: moja huitia kwenye bolti, nyingine huipitishia kamba. Huendelea hivyo hadi kwenye nanga, yaani bolti za mwisho wa njia, kisha hushushwa.

Njia ya kadiri ina mashiko makubwa na haihitaji nguvu za ajabu. Hata hivyo, wepesi huo usimdanganye mtu. Kamba haizuii kuanguka. Hukatiza anguko tu. Aliye mita 2 juu ya bolti ya mwisho ataanguka mita 4 na zaidi, kwa sababu kamba hunyumbuka. Ndiyo maana mtu akiteleza karibu na bolti ya pili anaweza kufika chini. Aidha, kamba hupitishwa kwenye karabina ikitoka upande wa mwamba kuelekea nje kwa mpandaji; ikipita kinyume, inaweza kujichomoa. Mguu nao usiwekwe nyuma ya kamba, kwani mtu akianguka atapinduliwa kichwa chini.

Mazingira ya kitropiki huongeza mambo yake. Jasho hulegeza vidole, hivyo wapandaji hupaka unga wa chaki. Mvua ya alasiri hulowesha mwamba, na karibu na maporomoko mwani huufanya utelezi. Nyuki hujenga katika nyufa. Unyevu nao huleta kutu. Bolti yenye kutu au inayocheza isiaminiwe.

Sasa tuje kwenye lugha. Mtangulizi akiwa mita 20 juu, kando ya maji yanayonguruma, hamwoni vizuri mwenzake. Kilichobaki ni sauti. Mpandaji kutoka Kampala huenda anazungumza Luganda, mwenyeji wa Sipi Kisabiny, na mgeni wao ametoka Nairobi. Kiswahili, ambacho mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda, kinaweza kuwaunganisha. Lakini ni Kiswahili kipi?

Tuchukue sentensi mbili: "Nimejifunga" na "Sijajifunga". Maana zake zinapingana kabisa. Hata hivyo, tofauti yote imo katika viambishi vya mwanzo, ilhali mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kelele, kinachomfikia msikilizaji ni "-funga". Mshika kamba anayedhani mwenzake amekwisha kujifunga kwenye nanga anaweza kuiachia kamba, na kosa hilo halina marekebisho. "Funga" na "fungua" nazo ni jozi ya hatari: zinatenganishwa na irabu moja.

Kwa hiyo amri za mwambani zitofautiane kwa mzizi, wala si kwa kiambishi. Tunapendekeza tatu: "Legeza!" mtangulizi anapohitaji kamba zaidi, "Kaza!" anapotaka kuning'inia, na "Shusha!" anapotaka kuteremshwa. Irabu zinazobeba mkazo ni e, a na u, ambazo ni vigumu kuzichanganya. Amri itanguliwe na jina la mwenzako, maana huenda kuna wapandaji wengine karibu. Mshika kamba arudie amri kabla ya kuitekeleza. Na jambo kubwa kuliko yote, yaani kama mtangulizi atashushwa au atajiteremsha mwenyewe, likubaliwe kabla miguu haijaondoka ardhini. Asiyesikia aendelee kuishika kamba.

Makala haitoshi kumfundisha mtu kupanda. Kwa hilo anahitaji mkufunzi aliye karibu naye. Lakini mwalimu wa fonolojia anaweza kuitumia darasani. Wasimamishe wanafunzi wawili kwenye ncha mbili za uwanja, wengine wapige makofi mfululizo, mmoja atamke sentensi hizo na mwenzake aandike anachosikia. Kisha linganisheni karatasi yake na yaliyosemwa. Hapo mwanafunzi ataelewa kwamba mkazo si mada ya mtihani tu.