Mtunzie Mdogo Wako

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nina neno na ninyi wakubwa, mnaobeba wadogo zenu mgongoni mama akiwa shambani au jikoni.

Mtoto wa miaka miwili anamjua bibi yake vizuri. Anaijua sauti yake akiwa bado mlangoni, anajua pembe ya khanga anayofungia karanga. Lakini akifika darasa la tano atakuwa amesahau yote, kwa kuwa karibu binadamu wote hatukumbuki mambo yaliyotupata kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi. Wewe wa miaka kumi utakumbuka. Kwa hiyo utoto wa mdogo wako umewekwa kwako, nawe huna budi kumtunzia.

Hata habari za mtu mashuhuri huhitaji mtunzaji. Hapa kwetu Marangu alikuwapo mzee Yohani Kinyala Lauwo. Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro, kwenye mita 5,895. Meyer aliandika kitabu, dunia ikasoma. Lauwo, ambaye watu wa hapa husimulia kwamba akiwa kijana ndiye aliyewaongoza mlimani, hakuandika kitabu. Habari zake zilikaa vinywani mwa watu, mzazi akimsimulia mwana. Hata umri wake ulikisiwa tu, maana wakati anazaliwa hapakuwa na vyeti. Mwaka 1989, safari ile ilipotimiza miaka 100, ndipo jina lake likavuma mbali. Alifariki mwaka 1996, na watu husema alikuwa amevuka miaka 120. Wapo wanaobishana mpaka leo kama alifika kileleni au aliishia njiani. Mimi naamini angeketishwa mapema na maneno yake yakaandikwa, ubishi huo ungekuwa mdogo sana.

Sasa rudini nyumbani kwenu. Kihamba chenu chenyewe, yaani shamba la ukoo mnapoishi, kinasimulia, ila kinamtaka mtu wa kukisemea. Makaburi ya wazee yako humo humo kati ya migomba na kahawa, na mimea ya masale imeota mpakani. Muulize baba masale yaliyopandwa pale ni ya mpaka wa nani na nani. Uliza pia jina lako limetoka wapi. Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mtoto anayebeba jina la mtu ana haki ya kujua mtu huyo alikuwa na tabia gani.

Mambo mengine umeyaona kwa macho yako. Mama alipojifungua, nani alikuja kumhudumia? Nani alimenya ndizi za mtori, na nani alimkanda mama? Mtoto alilia usiku, babu akasema nini? Kama umeshajifunza kuandika shuleni, yaandike.

Halafu kuna picha. Karibu kila nyumba ina picha ukutani ambayo hakuna anayeweza kusema yule wa tatu kutoka kushoto ni nani. Mwombe mama aishushe, mwitoe taratibu kwenye fremu. Nyuma yake andika kwa penseli, bila kukandamiza: majina kuanzia kushoto, mahali na mwaka. Picha za kwenye simu nazo zina hatari yake, simu ikiibiwa zimekwenda zote. Tuma nakala kwa shangazi aliyeko Dar es Salaam.

Desemba ndugu wakipanda kuja Krismasi, na mbuzi akichinjwa, wazee watakuwa wamekaa pamoja. Azima simu, rekodi. Usimwambie bibi akusimulie maisha yake yote, atachoka kabla hajaanza. Muulize vitu vidogo. Ulipokuwa na umri wangu ulilala wapi? Maji ya mfereji wa mfongo mlichota saa ngapi? Ng'ombe wenu alikuwa na rangi gani? Akinyamaza kwenye swali fulani, liache. Yapo yanayouma, na mtu mzima hasukumwi.

Na mdogo wako mpakate hapo hapo bibi anapoongea. Akilia usizime simu. Siku akiwa mkubwa, akasikiliza, atauliza ni mtoto gani huyo anayemkatiza bibi.