Ustahimilivu wa Ng'ombe na Wajibu wa Kijiji

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, samadi ni uhai wa kibanja. Ng'ombe akifa, migomba nayo hudhoofika. Adui mkubwa ni ndigana kali, iletwayo na kupe. Kada hana budi kutofautisha mambo mawili. Mnyama mkinzani huzuia vimelea visizaliane mwilini. Mstahimilivu huishi navyo bila kudhoofika sana. Sifa hiyo hurithiwa: mwaka 2022 watafiti waliithibitisha katika ukoo wa ng'ombe wa Boran nchini Kenya. Lakini ng'ombe wa asili aliyepona hubaki na vimelea. Kupe wa rweya huvichukua na kumwua chotara wa jirani. Kwa hiyo kijiji kichague madume ya koo zilizostahimili, na kiogeshe mifugo yote kwa pamoja.