Mjumbe Aliyesakwa kwa Miaka 26

Kaeni vizuri, wanangu, niwasimulie habari za mjumbe anayeishi ndani ya kila mmoja wenu.

Tuseme unapita mtaani jioni, mara mbwa mkali anachomoka uani. Moyo unakwenda mbio na miguu inapata nguvu. Hiyo ni kazi ya adrenalini. Dakika chache baadaye homoni nyingine inaongezeka kwenye damu: kotisoli. Hiyo huliamuru ini litoe sukari na hulizuia shinikizo la damu lisishuke. Kotisoli hutengenezwa na tezi mbili ndogo, adrenali, zilizokaa juu ya figo.

Lakini mbwa umemwona kwa macho, na habari zake zimefika kwenye ubongo. Tezi zilizo huko kiunoni zimejuaje?

Nusu ya jibu ilikwisha kujulikana zamani. Chini ya ubongo ipo tezi ya pituitari, yenye uzito wa nusu gramu hivi. Hutoa homoni iitwayo ACTH, ambayo husafiri kwenye damu mpaka kwenye adrenali na kuziambia zitoe kotisoli. Je, pituitari yenyewe huambiwa na nani? Mwaka 1955 watafiti wa Montreal, Kanada, na wengine wa Houston, Marekani, kila kundi kivyake, walionyesha kwamba amri hutoka kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu tu ya pituitari. Basi mjumbe yupo. Ila ni nani?

Miaka ikapita. Wajumbe wengine wa haipothalamasi wakapatikana, na mwaka 1977 Roger Guillemin na Andrew Schally wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Huyu anayeiamuru pituitari itoe ACTH akaendelea kuwaponyoka wote.

Hakukata tamaa Wylie Vale, mzaliwa wa Houston aliyejifunza kazi kwa Guillemin. Katika Taasisi ya Salk, huko California, yeye na wenzake Joachim Spiess, Catherine Rivier na Jean Rivier walianza na haipothalamasi za kondoo zipatazo 490,000. Zilihitajika nyingi hivyo kwa sababu kila moja ina chembe kidogo mno za kitu walichokitafuta. Walizichuja, wakatenganisha majimaji yake mafungu mafungu, na kila fungu wakalijaribu kwenye seli za pituitari ya panya zilizokuzwa katika visahani vya maabara. Seli zisipotoa ACTH, fungu linawekwa kando. Zikitoa, linachujwa tena, na tena.

Mwaka 1981 wakatangaza: mjumbe ni mnyororo wa asidi amino 41. Hawakuishia hapo. Waliutengeneza mnyororo huohuo wenyewe maabara, wakauweka kwenye seli, na seli zikatoa ACTH. Shaka ikaisha. Wakamwita CRF.

Kumjua mjumbe huyu kumewafaa wagonjwa pia. Wapo watu ambao adrenali zao zimeharibika; huchoka, hukonda, ngozi hubadilika rangi ikawa nyeusi zaidi. Huo ni ugonjwa wa Addison. Wengine kotisoli yao huzidi, uso ukavimba ukawa duara na misuli ikalegea. Mara nyingine kisa ni uvimbe mdogo kwenye pituitari. Madaktari walijifunza kumpiga mgonjwa wa namna hii sindano ya CRF: ACTH ikipanda, kwa kawaida uvimbe uko kwenye pituitari, isipopanda, huenda uko kwingine mwilini.

Wapo pia watoto wanaozaliwa na adrenali zisizoweza kutengeneza kotisoli ya kutosha. Pituitari, isipoiona kotisoli, huongeza amri bila kukoma, na adrenali zikatoa homoni nyingine kupita kiasi. Vale alifariki mwaka 2012, kabla ya kuiona dawa yao mpya. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa inayomzuia CRF asisikilizwe na pituitari, itumike pamoja na dawa za zamani, kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka 4.

Kwa hiyo, wanangu, mkimkuta mtu ameinamia visahani vyake mwaka baada ya mwaka, msimwone anapoteza muda. Muulizeni anatafuta nini, kisha mkae mumsikilize. Huenda kuna mtoto atakayeponea hapo, naye bado hata hajazaliwa.