Mashimo ya Shaba ya Wahenga

Kapolowe, huku Katanga nchini Kongo, hujulikana kwa samaki wa ziwa Tshangalele, ambalo si ziwa la maumbile, bali lilizaliwa pale kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipouzuia mto Lufira huko Mwadingusha ili migodi ipate umeme, na mitambo yake ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo hata mvuvi ambaye hajapata kushika sururu maishani mwake, riziki yake imetoka katika shaba.

Athari zenye umri mkubwa zaidi ziko vilimani. Baina ya Luishia, Likasi na Kambove kuna vilima vilivyokataa miti, kwa kuwa shaba iliyomo udongoni ni sumu kwa mizizi. Na wahenga, walioijua alama hiyo, walikwenda huko wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, wakaifuata malakiti, jiwe la kijani, wakajenga tanuu kwa udongo wa kichuguu, wakavuvia mkaa kwa mivuo hata shaba ikayeyuka, kisha wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, bonde la Upemba, ya watu waliozikwa karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Shaba hiyo ilimtajirisha Msiri, Mnyamwezi aliyetawala Bunkeya hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Na Katanga ilipojitenga mwaka 1960 iliitia misalaba mitatu katika bendera yake. Wapimaji wa kizungu waliosifiwa kwa kuvumbua madini yetu, aghalabu walionyeshwa mashimo ambayo wenyeji walikwisha kuyachimba.

Mashimo kama hayo wengine wameyahifadhi: huko Uingereza, katika jimbo la Cornwall, migodi ya kale ya bati na shaba iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, na mgodi wa Geevor, uliofungwa 1990, leo ni makumbusho. Wako wasemao tuwaige Waingereza, nami sipingi, ila wakumbuke kwamba bei ya bati ilikuwa imekwisha kuanguka: mgodi uliokufa ni mwepesi kuuhifadhi. Wetu ungali hai, na shimo la babu humezwa na shimo la mjukuu, ama kwa mitambo ya makampuni, ama kwa wachimbaji wa mikono, ambao siwalaumu, maana wana watoto wa kulisha.

Shinkolobwe, karibu na Likasi, ni habari nyingine. Urani yake, iliyogunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Sharp, iliingia katika bomu la Hiroshima. Visima vyake vikazibwa kwa zege wakati wa uhuru, watu wakarudi kutafuta kobalti, serikali ikawakataza mwaka 2004, na Julai ya mwaka huohuo ardhi ikaporomoka ikaua. Kwa sababu ya mionzi, mahali hapo hapafai kwa matembezi. Panafaa kufundishwa shuleni.

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yanayo misalaba ya shaba, lakini msalaba kabatini hauonyeshi ulikotoka. Basi wenye leseni za Kambove na Luishia wabakize walau shimo moja la wahenga, lizungushiwe ua, na wazee wa kabila la Wasanga wanaoijua habari yake waulizwe na kuandikwa sasa, kabla tingatinga halijafika.