Mapigo 103 kwa Dakika: Wimbo wa Disko na Moyo Uliosimama

Mnamo Februari 1978, wimbo "Stayin' Alive" wa kundi la Bee Gees, yaani ndugu watatu Barry, Robin na Maurice Gibb, ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard nchini Marekani na kukaa hapo majuma manne. Uingereza uliishia nafasi ya nne. Nyimbo nyingi za disko zilipanda chati, zikachezwa, zikasahauliwa. Huu ulipata kazi ya pili, na kazi hiyo ni ya kitabibu.

Siri yake ni mwendo. Wimbo ulipokuwa ukirekodiwa nchini Ufaransa, mpiga ngoma wa kundi aliitwa nyumbani kwa dharura ya kifamilia. Wenzake wakakata kipande kifupi cha mapigo yake kutoka wimbo mwingine, "Night Fever", wakaunganisha ncha za utepe ili kijirudie bila kukoma. Yakapatikana mapigo takribani 103 kwa dakika, yasiyochoka wala kuharakisha. Mtu mzima ambaye moyo wake umesimama huhitaji kukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, tawi la Peoria, waliwapima madaktari na wanafunzi wa udaktari 15. Wakisikiliza wimbo huo, walikandamiza wastani wa mara 109 kwa dakika. Majuma kadhaa baadaye, wakiukumbuka tu kichwani, wastani ukawa 113. (Wimbo wa Queen, "Another One Bites the Dust", una mwendo unaofaa vilevile, ila maudhui yake ya watu kuanguka mmoja baada ya mwingine hayamfariji mgonjwa wala nduguze.)

Mkulima wa pamba wa Bariadi aliyezaliwa baada ya enzi za disko hana sababu ya kuujua wimbo huo. Haja ya mwendo wake, hata hivyo, anayo. Mkoa wa Simiyu una wakazi zaidi ya milioni 2, wengi wao vijijini. Mvuvi aliyezama Busega, kwenye Ziwa Viktoria, au fundi aliyepigwa na umeme Itilima, hana muda wa kusubiri gari la wagonjwa kutoka Bariadi mjini, kwa kuwa ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Ni mikono ya waliopo tu inayoweza kuusukumia damu katika dakika hizo.

Wasukuma wanayo bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo tangu zamani imewawezesha watu wengi kuinua na kushusha jembe kwa pamoja. Kazi ya kukandamiza kifua haiko mbali na hiyo. Anayefundisha huduma ya kwanza kijijini angefanya vema kuanzia hapo kuliko kuagiza wimbo wa ng'ambo, lakini kwanza apime kwa saa: mapigo 25 hadi 30 ndani ya sekunde 15. Tahadhari ni kwamba ngoma ikikolea huongeza kasi, hasa Wagika na Wagalu wanaposhindana, na kifua kikikandamizwa kwa kasi mno, moyo hukosa nafasi ya kujaa damu. Hapo ndipo utepe wa mwaka 1977 unapoishinda ngoma yenye uhai.

Kabla ya kumgusa aliyepigwa na umeme, umeme ukatwe. Asiyeitika na asiyepumua kawaida alazwe chali mahali pagumu, na mwingine atumwe kuita msaada. Kiganja kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, mikono imenyooka. Kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiachwe kiinuke kabisa. Aliyezama huhitaji pia kupuliziwa pumzi, na kwa aliyefunzwa, uwiano ni mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Mkandamizaji apokewe kila dakika mbili, kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajatambua.