Sura ya 4: Mbele ya Hakimu

Karani akiita "Kooti!" watu wote husimama. Hakimu anaingia, anainamisha kichwa, nao wanamjibu vivyo hivyo kabla ya kuketi. Anayeingia au kutoka shauri likiendelea naye huinama kidogo kuelekea meza ya hakimu. Vua kofia, zima simu, usipige picha wala kurekodi bila ruhusa, vaa nguo safi za heshima, na ukiitwa jibu "Mheshimiwa". Hayo hujifunzwa kwa asubuhi moja ya kukaa kwenye benchi na kutazama wenzako. Taratibu zinazowaangusha watu katika Mahakama ya Mwanzo ni nyingine, na huumia zaidi yule aliyekuja peke yake bila wakili.

Ya kwanza inamhusu shahidi. Kama umekuja kutoa ushahidi, kaa nje mpaka uitwe, tena mbali na dirisha. Shahidi aliyesikia wenzake wakisema anaweza kurekebisha maneno yake yafanane na yao, hata bila kukusudia, na hakimu atashindwa kujua alichokiona kwa macho na alichokiokota mle chumbani. Upande wa pili utamuuliza: "Ulikuwa wapi shahidi wa kwanza alipokuwa anaongea?" Akijibu alikuwa benchi la nyuma, uzito wa ushahidi wake umepungua, hata kama alisema kweli tupu. Kubaki ndani baada ya mashahidi kuamriwa watoke ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, sawa na kukataa kuapa au kuvuruga shauri. Kwa hiyo ndugu na jirani unaotaka wakutolee ushahidi waambie mapema, wasije wakaingia kukusindikiza.

Zamu yako ikifika, utaapa au utathibitisha kwa mujibu wa imani yako, kisha utasema. Hapo tazama kalamu. Katika Mahakama nyingi za Mwanzo hakimu anaandika ushahidi mwenyewe, na neno lisiloingia kwenye jalada ni kama halikusemwa. Sema sentensi moja, mwache aandike, ndipo uendelee. Usitikise kichwa, sema "ndiyo" au "hapana". Mtu anayegusa uso na kusema "alinipiga hapa" hajamweleza chochote hakimu wa rufaa atakayesoma jalada hilo baadaye. Aseme "alinipiga kofi shavu la kushoto". Wala usihangaike na maneno ya kisheria. Mahakama za Mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili miaka mingi, na tangu 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama nchini. Simulia kama unavyomsimulia mjumbe wa nyumba kumi, ila taratibu.

Pagumu kuliko pote ni maswali ya dodoso. Shahidi wa mwenzako amemaliza, hakimu anakugeukia: "Una swali?" Unasimama na hasira zako: "Mheshimiwa, huyu mwongo, hiyo ng'ombe nilinunua mimi!" Hakimu anakukatiza, nawe unaona umeonewa. Hujaonewa. Maelezo yako yana zamu yake, hapo inatakiwa hoja ile ile iwe swali: "Siku ninanunua ng'ombe, wewe ulikuwepo mnadani?" Usikubali kuketi bila kuuliza kwa sababu ya aibu. Mahakama zetu zimeamua mara nyingi kwamba kutomhoji shahidi juu ya jambo zito huchukuliwa kuwa umelikubali. Ndiyo maana, wakati shahidi anaongea, usimkatize wala kuguna. Andika pembeni neno moja moja utakalomuuliza. Na mwenzako akikuchokoza, maneno yako yaelekeze kwa hakimu, usimjibu yeye.

Nje ya chumba, usimfuate hakimu wala mzee wa baraza kumweleza shauri lako, hata kama mnasali pamoja. Anayekuomba "cha kusukuma faili" anakuomba rushwa. Ada halali ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo, na risiti yake ni ya kutunza.

Kabla hujaondoka, hakikisha umeisikia tarehe inayofuata, na kama hukusikia muulize karani. Mdai asipotokea, shauri linaweza kufutwa. Mdaiwa asipotokea, linaweza kusikilizwa upande mmoja. Mshitakiwa aliye nje kwa dhamana akikosa, hati ya kumkamata inaweza kutolewa, na wadhamini wake wakadaiwa fedha walizosaini.

Siku ya hukumu, ukishindwa, nyamaza. Kelele inaweza kukufungulia kesi mpya ya kudharau mahakama jioni hiyo hiyo, na haitabadilisha neno hata moja la hukumu. Nenda kwa karani ukaombe nakala. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi kutolewa.